Iron Maiden miaka 50: naitetea ziara ya Run For Your Lives na nyimbo walizochagua

MzeeWaBesi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Najua jukwaa hili wengi ni watu wa dansi, taarabu na Bongo Fleva, ila wapenzi wa muziki wa metali tupo, tena si haba. Leo naomba nafasi.

Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, wametimiza miaka 50. Ziara ya kuadhimisha umri huo, Run For Your Lives, ilifunguliwa Budapest tarehe 27 Mei 2025, na tarehe 28 Juni ikafika London Stadium. Naishi mashariki ya London, kwa hiyo hiyo shoo ilinikuta mlangoni. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma malalamiko ya mashabiki kwamba bendi imekataa kupiga chochote cha baada ya 1992. Ni kweli. Walichagua albamu tisa za mwanzo, kuanzia ile ya kwanza ya 1980 hadi Fear of the Dark, wakaufunga mlango hapo. Mimi naona huo ndio uamuzi uliofanya ziara hii iwe na maana, na nimekuja kuutetea.

Kwanza, kwa wageni. Bendi ilianzishwa na mpiga besi, Steve Harris, Siku ya Krismasi 1975, huko Leyton, mashariki ya London. Ni kijana wa mtaani kabisa, aliyewahi kufanya mazoezi na vijana wa West Ham kabla ya muziki kumteka. Mwaka 1976 walianza kupiga kwenye baa iitwayo Cart and Horses, pale Maryland Point, Stratford. Sasa angalia ramani: kutoka baa hiyo hadi London Stadium unakwenda kwa miguu. Uwanja ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, na tangu 2016 ndio nyumbani kwa West Ham. Kwa hiyo yule kijana wa besi, akiwa na miaka 69, amepiga kwenye uwanja wa timu yake, katika mtaa uleule alikoanzia kwa kupiga mbele ya walevi wachache.

Mchana wa siku ile baa ilifurika hadi barabarani. Fulana nyeusi kila upande, jua la Juni linachoma kwelikweli, wazee wa miaka sabini wamesimama na wajukuu wao. Niliona watu waliotoka Brazil, Ugiriki na Poland wakipigana picha mbele ya ule mlango.

Usiku ulipoingia, utaratibu ulikuwa uleule wa siku zote. Kinapigwa kibao cha bendi ya UFO, Doctor Doctor, kwenye spika, na kila shabiki anajua kikiisha ndiyo tunaanza. Taa zikazimwa. Skrini kubwa nyuma ya jukwaa ikatupitisha kwenye mitaa ya East London ya zamani huku The Ides of March ikilia. Halafu wakaanza: Murders in the Rue Morgue, Wrathchild, Killers, Phantom of the Opera, bila kupumzika.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Nyimbo nne za kwanza za usiku wa jubilei, zote zilirekodiwa na mwimbaji mwingine, Paul Di'Anno, kwenye albamu za 1980 na 1981. Bruce Dickinson alikuja baadaye mwaka 1981 akitokea bendi ya Samson, na The Number of the Beast ya 1982 ndiyo iliyowapeleka namba moja Uingereza. Mwimbaji mwenye jina kama lake angeweza kabisa kudai usiku uanze na nyimbo zake. Akaanza na za mwenzake. Na Di'Anno alifariki tarehe 21 Oktoba 2024, miezi saba tu kabla ya ziara kuanza. Miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mei 2022 Harris alikwenda kuonana naye Zagreb, Croatia, baada ya miaka mingi. Kwa hiyo Killers ilipopigwa, wimbo ambao haukuwa umesikika jukwaani kwao tangu 1999, watu waliokuwa karibu nami walikuwa wanaimba na machozi yakiwatoka. Mimi nikiwemo.

Nashusha sehemu ya pili baadaye. Karibuni.

---

Binti_Tanga

Kaka MzeeWaBesi, asante sana kwa uzi. Mimi niliwajulia kwenye Brave New World ya 2000, kaka yangu alileta kaseti kutoka Mombasa. Kwa watu wa rika langu Iron Maiden ndiyo hiyo: Dickinson na Adrian Smith wa gitaa wamerudi 1999, magitaa yamekuwa matatu, muziki mpana. Sasa wanafanya sherehe ya miaka 50 halafu mimi na wenzangu tulioingia mlango huo hatumo kabisa? Miaka zaidi ya ishirini imekatwa kama vile haikuwepo. Nisaidie nielewe, maana imeniuma.

---

NairobiChuma

Naongezea hapo kwa dada. Na Blaze Bayley je? Aliimba na bendi kuanzia 1994 hadi 1999, akabeba albamu za The X Factor na Virtual XI wakati ambao metali ilikuwa haitakiwi na mtu. Kumbi zilipungua, yeye akasimama. Jubilei ya miaka 50 bila hata wimbo mmoja wa kipindi hicho si haki, mkuu. Hapa Nairobi tunaofuata muziki huu tunajua maana ya kupiga wakati ukumbi una watu wachache. Bendi ya Duma walitoka humu humu mjini, albamu yao ya 2020 ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na dunia ikasikiliza, lakini kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya kupiga kwenye vijumba vidogo bila malipo ya maana. Mtu aliyebeba miaka migumu hasahauliwi siku ya karamu.

---

MzeeWaBesi

Dada Binti_Tanga, na wewe ndugu wa Nairobi, hoja zenu nzito, najibu kwa pamoja.

Usiitazame ziara hii peke yake, itazame na mbili zilizoitangulia. Legacy of the Beast, 2018 hadi 2022, ilikuwa na Sign of the Cross na The Clansman, zote za kipindi cha Blaze, na zilipewa jukwaa zima, si kuchomekwa tu. Ikafuata The Future Past, 2023 hadi 2024, ambayo theluthi yake ilikuwa albamu ya Senjutsu ya 2021, na theluthi nyingine Somewhere in Time ya 1986. Kwa hiyo nyimbo mpya na za Blaze zilikuwa zimeshapata zamu yake ndani ya miaka saba iliyopita. Zilizokuwa zinangoja ni hizi za mwanzo. Rime of the Ancient Mariner haikuwa imepigwa tangu 2009. Murders in the Rue Morgue ni miaka mingi vilevile. Ukiichanganya jubilei na kidogo cha kila albamu, unapata wimbo mmoja mmoja kutoka albamu kumi na saba, na kipande cha zaidi ya dakika 13 kama Rime hakiwezi kuingia hapo hata kwa kusukumwa.

Na kwa Rime nitakaa kidogo, maana ndio wimbo ulionipeleka uwanjani.

Umejengwa juu ya shairi la Coleridge la yule baharia aliyemuua ndege na kuiletea meli laana. Sehemu ya kwanza inakwenda mbio, magitaa yanafukuzana. Halafu katikati kila kitu kinakatika. Meli imekwama baharini, upepo hakuna. Kinachobaki ni besi ya Harris peke yake, noti chache, polepole, na mlio wa mbao za meli zikikwaruzana. Uwanja mzima wenye makumi ya maelfu ya watu ulinyamaza. Nilikuwa upande wa kulia, karibu kiasi cha kuuona mkono wake: hatumii kipiki, anapiga kwa ncha za vidole viwili, na kwenye kile kipande vidole vilikuwa vinasogea kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kisha polepole ngoma zinarudi, gitaa moja, la pili, hadi wimbo unalipuka upya. Huwezi kuipata hiyo kwenye simu.

Kuhusu simu pia, meneja wao, Rod Smallwood, ambaye yuko nao tangu 1979, aliwaomba mashabiki kabla ya ziara kuanza waziache mfukoni kadiri wawezavyo. Hapakuwa na kunyang'anywa wala mifuko ya kufungia. Ni ombi tu. Sehemu niliyokuwa, wengi walilitii, na wachache walionyoosha mikono waliguswa bega kistaarabu.

---

Msondo_Damu

Mkuu, mimi metali siijui sana, nimevutwa na kichwa cha uzi kwa sababu ya hiyo miaka 50. Sisi huku tuna Msondo, iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi Msondo Ngoma. Waimbaji wamekuja na kwenda, wengine tumewazika, lakini ukisikia tumba na zile tarumbeta unajua upo kwa nani. Sasa naomba nieleze, kwa hawa jamaa kitambulisho chao kiko wapi? Maana umetaja waimbaji watatu tayari. Na nimesikia mpiga ngoma wao naye kaondoka kabla ya jubilei.

---

MzeeWaBesi

Mzee Msondo_Damu, umeuliza swali lenyewe. Shikamoo.

Kitambulisho ni besi, na ndiyo maana bendi imevumilia kubadilika kwa wengine. Waliopiga kwenye albamu zote ni wawili tu: Harris, na Dave Murray wa gitaa aliyeingia mwishoni mwa 1976. Besi ya Harris haikai nyuma kushikilia noti kama zilivyo bendi nyingi. Inakimbia mbele: noti moja ndefu, mbili fupi, noti moja ndefu, mbili fupi, mwendo wa farasi anayekwenda shoti. Sikiliza The Trooper au Run to the Hills utauona papo hapo. Juu ya huo mwendo magitaa mawili yanatembea pamoja kwa sauti tofauti kidogo, moja juu moja chini, kama waimbaji wawili wa kiitikio. Ukiyasikia hayo mawili kwa pamoja, hata kama hujui wimbo, unajua ni nani.

Sasa mpiga ngoma. Nicko McBrain aliingia mwisho wa 1982 kuchukua nafasi ya Clive Burr. Januari 2023 alipata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Akafanya mazoezi ya kujirudisha, na Mei mwaka huohuo alikuwa jukwaani ziara ya The Future Past ilipofunguliwa. Alikuwa na miaka 70. Mwenyewe alieleza hadharani kwamba kuna vipande vya kasi ambavyo mkono haukubali tena, akabadilisha namna ya kuvipiga. Akavumilia hadi tarehe 7 Desemba 2024, São Paulo, akatangaza siku hiyo kwamba ndiyo shoo yake ya mwisho ya ziara, akaaga mbele ya Wabrazil waliokuwa wakiliimba jina lake. Miaka 42, mzee wangu.

Aliyekuja ni Simon Dawson, ambaye alikuwa anapiga na Harris kwenye bendi yake ya pembeni, British Lion. Wengi walimwogopea. Mimi niliyemsikia nasema hivi: nyimbo za albamu ya Killers na ile ya kwanza zilihitaji mtu wa namna yake. Zilirekodiwa na Clive Burr, aliyekuwa na mkono mwepesi, wenye kuchezacheza. Dawson hakujaribu kuwa Nicko. Aliziacha nyimbo zipumue, hakuzikimbiza, na zile za 1980 na 1981 zikasikika karibu na rekodi kuliko nilivyowahi kuzisikia jukwaani. Burr mwenyewe alifariki Machi 2013 baada ya kuugua kwa muda mrefu ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu. Mwaka 2002 bendi ilipiga Brixton Academy kumchangia. Hawakumtupa.

---

Fundi_Mitambo

Naongea kama mtu wa taa na sauti. Kitu kilichonisumbua kwenye picha za ziara hii ni ile skrini. Miaka yote Maiden walikuwa na mapazia makubwa yaliyochorwa, wimbo ukibadilika na pazia linabadilika, Eddie, lile zimwi lao la kwenye majalada, mpya kila mara. Kazi ya mikono. Sasa kila bendi ina skrini, na skrini zote zinafanana. Mkuu uliyekuwepo, haikupunguza ladha?

---

MzeeWaBesi

Fundi, kwa kweli nilikwenda nikiwa na wasiwasi huohuo. Yale mapazia ni sehemu ya bendi. Eddie aliyechorwa na Derek Riggs kwenye jalada la 1980 ndiye aliyewauza duniani kote wakati redio zilikuwa haziwapigi.

Lakini waliitumia skrini kama pazia linalotembea. Michoro ilikuwa ya majalada yaleyale, mitaa ya mwanzo ilikuwa ya East London, na kwenye wimbo wa Powerslave Misri nzima ilikuwa nyuma yao. Hawakujaza sura za wanamuziki mle kila dakika. Na Eddie wa kutembea alibaki: kwenye Killers alitoka na shoka lake, anayumba jukwaani huku Janick Gers akipita chini ya miguu yake na gitaa, kama wafanyavyo miaka yote. Watoto walipiga kelele kweli. Pazia la kitambaa nalikumbuka na nitaendelea kulikumbuka, sitasema skrini imelishinda.

---

NairobiChuma

Kuhusu Blaze nimekuelewa nusu. The Clansman kupigwa 2018 ni jambo jema, ila jubilei ni jubilei. Wimbo mmoja tu ungetosha, na jina lake likatajwa. Hapo sitabadilika.

Swali jingine: Afrika wamewahi kuja?

---

MzeeWaBesi

Baki na msimamo wako, ndugu, sina ugomvi nao. Blaze ni muungwana na mashabiki wengi wanamheshimu.

Afrika walikuja 2016, ziara ya The Book of Souls, wakapiga Cape Town na Johannesburg. Ziara ile walizunguka na Boeing 747 iliyopakwa jina la bendi na sura ya Eddie, rubani Bruce Dickinson mwenyewe. Yule ni rubani kweli wa ndege za abiria, na mwaka 2008 alishawazungusha na 757. Machi 2016 ile 747 iligongana na gari la kuivuta pale Santiago, Chile, injini mbili zikaharibika, na ziara ikaendelea kwa ndege nyingine hadi ilipotengenezwa. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 2015, alikuwa ametoka kutibiwa saratani ya ulimi na koo. Mtu ambaye kazi yake ni koo! Ndiyo maana aliposhika ile noti ndefu ya Hallowed Be Thy Name pale Stratford, miaka 66, sikuwa na neno.

Kwa ziara hii Afrika haikuwamo kwenye awamu ya 2025. Waliizunguka Ulaya, wakaifunga Warsaw tarehe 2 Agosti. Na Warsaw ina historia yake: Agosti 1984, Poland ikiwa bado chini ya ukomunisti, ndiko walikofungulia ziara ya Powerslave, wakati bendi za Magharibi zilikuwa nadra kabisa kuingia huko na jukwaa zima. Wapoland hawajasahau, na wale niliowakuta Cart and Horses mchana ule walikuwa wanaisimulia ziara hiyo kama mambo ya jana, ingawa wengine walikuwa hawajazaliwa. Kwa 2026 walishatangaza Knebworth Park, tarehe 11 Julai.

---

Binti_Tanga

Kaka, umenishawishi kwa hoja ya ziara tatu, nilikuwa sijaziweka pamoja namna hiyo. Ila bado nitalia kidogo kwa ajili ya Blood Brothers, ule wimbo wa Brave New World.

Nina binti wa miaka kumi na tano, ameanza kuniuliza maswali baada ya kunikuta nasoma uzi huu. Nimwanzishie wapi? Na wimbo wa mwisho wa usiku ulikuwa upi?

---

MzeeWaBesi

Blood Brothers hata mimi ningeipokea kwa mikono miwili, dada.

Walifunga na Wasted Years, baada ya Aces High na Fear of the Dark. Kwenye Fear of the Dark uwanja ndio ulioimba ile sauti ya gitaa, oo-oo-oo, kwa pamoja, hata kabla Dickinson hajafungua mdomo. Wasted Years ni wa Adrian Smith, wa 1986, aliuandika wakiwa wametoka kwenye ziara ya Powerslave iliyokula karibu mwaka mzima na maonyesho zaidi ya 180 hadi watu wakachoka kabisa. Unazungumzia kutoipoteza miaka yako kwa kutafuta ile iliyopita. Watu walitoka wakiuimba hadi kituo cha treni cha Stratford, foleni ndefu, hakuna aliyegombana.

Kwa binti, usimwanzishie na albamu ya kwanza, kurekodi kwake kuna ukavu fulani, kunaweza kumkatisha tamaa. Mpe Live After Death ya 1985, hasa zile nyimbo za Long Beach Arena, California, asikie bendi ikiwa imara na watu wakijibu. Akiipenda, mpe The Number of the Beast, kisha Powerslave yote, Rime aisikilize akiwa na maneno mbele yake. Killers ije baadaye, akishazoea. Halafu Brave New World umpe wewe mwenyewe, maana hiyo ni yako.

---

Msondo_Damu

Marahaba, kijana wangu. Nimesikiliza hiyo The Trooper usiku huu na spika za kwenye gari. Hiyo besi nimeisikia. Inakimbia kweli, na wale wa magitaa wanapokezana kama solo na rithimu zetu. Hiyo Rime nitaisikiliza Jumapili, nikipata nafasi ya kukaa nayo mpaka mwisho.